Migomba ya Tupendane

Mhaya anaweza kukudanganya kuhusu mke wake, shule aliyosoma, hata ng'ombe wake. Lakini nilikuwa naamini kuna kitu kimoja hawezi kukifanyia uongo, nacho ni mgomba. Nilikuwa mjinga. Mimi Kokwijuka, niliyezaliwa migombani na kuolewa migombani, niliishi nikaona wanaume wazima wakichomeka migomba ardhini kama mtu anavyochomeka bendera, ili mgeni mmoja apite na gari aseme hongera. Mpaka leo nikikumbuka mate yananijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Nianze na rweya, kwa sababu asiyeijua rweya hatanielewa. Kwetu, kati ya Kishanda na Buganguzi, watu hukaa kwenye vibanja. Migomba imefungana, kahawa iko katikati yake, na waliotuzaa wamelala humo humo nyuma ya nyumba. Ukitoka kwenye migomba ukapanda juu, unakuta rweya, uwanda mtupu wa nyasi na mawe, na upepo. Ng'ombe wanachungwa huko. Sisi wanawake tunakata nyasi za kutandaza nyumbani, tunalima njugu mawe msimu mmoja, kisha tunahamisha shamba kwa sababu udongo umechoka. Hakuna aliyekuwa akiishi rweya. Kumwambia mtu kwamba atazikwa rweya ni kumtukana yeye na ukoo wake, maana asiye na kibanja cha kuzikiwa huyo ni mpita njia tu.

Mume wangu Protase alikufa akaniachia binti mmoja, Immakulata. Kwa mila yetu binti harithi kibanja, na mjane ndiyo kabisa. Kibanja kikaenda kwa mdogo wake Protase, Mujuni. Mujuni akaniambia kwa upole mwingi kwamba sina haja ya kuondoka, kwamba nyumba ni ile ile, ila nikubali awe anakuja upande wangu. Nikamwambia ana mke tayari, na mke huyo ni Celina, rafiki yangu, na tena yeye mwenyewe Mujuni meno yake yananuka. Kuanzia siku hiyo nikawa nalala jikoni na mwanangu, na kila ndizi niliyokata ilikuwa na macho nyuma yake.

Ndipo ikaja Operesheni. Watu wote wakae katika vijiji vya ujamaa, kila kaya ipewe kiwanja chake, serikali ilete zahanati na bomba la maji. Wilaya nyingine walihamishwa mbali na makwao. Sisi tuliambiwa kijiji chetu kitakuwa hapo hapo juu, rweya, kisafishwe na kipewe jina la Tupendane. Wanaume walipokea habari ile kama msiba. Walikaa na vibuyu vyao vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakitikisa vichwa, nani ataacha kibanja cha baba yake akalale kwenye upepo na mbwamwitu. Sikuwahi kusikia wanaume wakipenda makaburi ya baba zao kiasi kile.

Mimi nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi peke yangu katika kata nzima. Siku ya kugawa viwanja nilisimama kwenye mstari wa wakuu wa kaya na mwanangu mkononi. Katibu Kata, bwana mmoja aitwaye Kagaruki aliyependa kuvaa kaunda suti hata kwenye tope, akaniuliza mume wangu yuko wapi.

"Amekufa," nikasema.

"Sasa mkuu wa kaya ni nani?"

"Unaongea naye."

Watu wakacheka. Lakini Kagaruki alikuwa na shida yake. Kijiji hakiandikishwi mpaka kifikishe kaya mia mbili na hamsini, na watu wetu walikuwa wanajificha kwenye kahawa kila wakisikia pikipiki yake. Wakati ule hata mbwa angekuwa na nyumba angepewa kiwanja. Basi nikapimiwa changu, cha mwisho kule ukingoni ambako mawe yamejaa zaidi. Nilikuwa na miaka ya kuwa mwanamke mzima, na ilikuwa mara ya kwanza kusimama juu ya ardhi ambayo hakuna mwanaume angeweza kuniambia niondoke.

Nilijenga kwa mikono yangu na mikono ya Celina, aliyekuwa anapanda kunisaidia mumewe akiwa kilabuni. Wanaume nao walijenga, kama kweli unaweza kuita kujenga. Walisimamisha miti kwa mistari, wakafunika nyasi juu, hawakukandika, hawakuweka milango, wakarudi chini kulala kwao. Kwa mbali Tupendane ilionekana mji. Ukisogea unakuta mbuzi ndani ya nyumba ya diwani. Waliokuwa wanaishi kule kweli tulikuwa mimi na Immakulata.

Rweya haikubali mgomba kwa maneno matamu. Mgomba unataka samadi, unataka nyasi za kufunika udongo mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana kibanja kizuri ni kazi ya babu na baba, si ya msimu. Celina alikuwa ananiibia samadi ya ng'ombe wa Mujuni, naibeba kichwani kwenye kikapu kinachovuja, nafika juu nikinuka kama zizi. Nilipanda vichipukizi vichache nyuma ya nyumba. Vilikuwa vyembamba, vya njano, majani yamechanwa na upepo. Immakulata aliviita wadogo zake. Asubuhi akiamka anakwenda kuvisalimia kabla hajanisalimia mimi.

Mwaka uliofuata surua ikamchukua. Zahanati ilikuwa bado ni maneno, na hospitali ilikuwa mbali.

Mujuni alipanda siku ile, na nitasema haki yake, alikuja kama inavyopasa. Alivua kofia mlangoni. "Shemeji, mtoto ni wa kaka yangu," akasema. "Tumshushe akalale kwa baba yake. Nimeshaagiza wachimbe."

Nikakataa. Wanawake waliokuja kulia wakanitazama. Mzee mmoja akasema uchungu umenipanda kichwani, mtoto wa watu ana kibanja chao halafu anazikwa rweya kama mchawi. Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Nyumba inabomolewa, kiwanja kinapimwa upya, mjane anafukuzwa, hayo yote nilishayaona. Lakini kwetu ardhi yenye kaburi lako ni yako, na anayekuondoa hapo anajua amefanya nini. Nilimzika mwanangu nyuma ya nyumba ili mahali pale paache kuwa rweya. Katekista alisoma sala, nikaweka msalaba wa mti na jiwe jeupe la kichwani nililoliokota kwenye njia ya Immakulata ya kwenda mtoni. Udongo wa kaburi lile niliulainisha mwenyewe kwa vidole, kokoto moja moja, kwa sababu sikutaka mawe yamlalie.

Sasa nifike kwenye uchafu wenyewe.

Siku moja Kagaruki aliitisha mkutano. Wakati huo Mujuni alikuwa ameshachaguliwa mwenyekiti wa kijiji, kijiji ambamo hakuwahi kulala. Kagaruki akatangaza kwamba anakuja mgeni mkubwa kutoka mkoani pamoja na mpiga picha. Akiridhika, Tupendane itaandikishwa, zahanati itajengwa, bomba litakuja. Asiporidhika, watu watahamishwa kweli, na safari hii wataletewa mgambo wa kuwasaidia kubeba mizigo.

"Mgeni anataka kuona kijiji kinachokaliwa," Kagaruki akasema. "Moshi jikoni, watoto, mazao."

"Mazao gani rweya?" mtu akauliza kwa nyuma.

Hapo ndipo Mujuni aliposimama. Nakumbuka alivyojinyoosha koti. "Ndugu zangu, mgeni si mtu wa huku," akasema. "Kwao wanakula ugali. Atajuaje mgomba umezaliwa wapi?"

Wakacheka, wakapiga makofi. Kesho yake nikaona maajabu yakipanda kilima. Migomba iliyokatwa chini kwenye shina, mirefu, mikungu yake imening'inia, imebebwa na wanaume wawili wawili kama maiti. Kila nyumba tupu ikachimbiwa mashimo, migomba ikachomekwa, ikaegemezwa miti kama tunavyoegemeza mgomba uliozidiwa na mkungu. Kweli, ukiwa mbali usingejua. Mwanamke wa Kihaya anaangalia mgomba kama anavyoangalia mtoto wa jirani, anajua umri wake na anajua kama umeshiba. Nilikaa mlangoni nikatazama watu niliowaheshimu wakikata chakula cha watoto wao ili kukipanda bila mizizi. Nilitamani kutapika, na nisingejua nianze kumtapikia nani.

Kwangu walikuja mwisho. Nyumba yangu ndiyo pekee iliyokuwa na masizi na mlango, kwa hiyo Kagaruki alikuwa ameamua mgeni aingizwe kwangu. Mujuni alifika na vijana wake akakagua nyuma ya nyumba.

"Hivi vitu vya njano vitatutia aibu," akasema. "Ng'oeni."

"Mujuni," nikamwambia, "hiyo ndiyo migomba pekee iliyo hai katika kijiji chako."

"Shemeji, ni siku moja tu. Utapanda tena."

Wakaing'oa. Ilitoka na mizizi yake, na mizizi ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea. Celina aliiokota akaifunga na nyasi mbichi, akaiweka kivulini. Kisha wakaanza kuchimba mashimo ya migomba yao, na jembe likawa linagonga jiwe kila mahali. Jua lilikuwa kali, vijana wamechoka, Kagaruki anaita kutoka barabarani kwamba wafanye haraka. Mmoja akapiga jembe pembeni ya msalaba. Likazama mpaka kwenye mpini.

"Hapa pamelainika," akasema kwa furaha.

Niseme nini. Nilijitupa, Celina akanishika kiuno, nikamng'ata mkono, hakuniachia. Alikuwa analia. Aliniambia kwa Kihaya nimwache Mungu awaone. Mujuni alimkaripia yule kijana, nakiri, na kwa kitambo alisimama akifikiri. Nilimwona akifikiri. Alitazama kaburi, akatazama barabara, na mwishowe akasema, "Kijiji kipya hakifai kuonekana na kaburi. Msichimbe sana. Juu juu tu." Akaung'oa msalaba kwa mkono wake, akaupeleka ndani akaulaza nyuma ya mlango wangu, taratibu, kama mtu anayelaza mwavuli wa mgeni. Nadhani alijiona muungwana. Wakachomeka mgomba mkubwa kuliko yote, wenye mkungu uliokaribia kugusa chini, wakauegemeza mti, wakafunika jiwe kwa majani makavu.

Ukiniuliza kitu gani kilinichukiza zaidi, si jembe. Ni ule upole wake na msalaba.

Mgeni alifika mchana, na nyumba zote zilikuwa zinafuka moshi. Waliwasha majani mabichi ili moshi uwe mwingi, na wanawake walikaa ndani wakikohoa na kupangusa macho. Bibi yake Kagaruki mwenyewe alibebwa kwa machela kutoka chini akakalishwa kwenye nyumba asiyoijua, akawa anauliza kila anayepita kama amekufa na hapa ni ahera. Watoto waliimba. Mgeni alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri na kiatu kilichokuwa kinambana, anachechemea kidogo. Alipita mistari akitingisha kichwa. Majani ya migomba yalikuwa yameanza kujikunja kwa jua, yamelegea, na hakuna aliyeyatazama juu.

Wakamleta kwangu. Nilimkaribisha, nikampa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mila inavyotaka, naye akatafuna akasema tamu. Kisha wakamzungusha nyuma ya nyumba.

Alisimama mbele ya mgomba ule. "Huu umepandwa lini?"

"Tulipohamia tu, ndugu," Kagaruki akajibu. "Ni nguvu ya pamoja."

"Na shamba hili ni la nani?"

Nilifungua mdomo. Mujuni aliniwahi. "Langu, ndugu. Mimi ndiye mwenyekiti. Huyu ni shemeji yangu, ananiangalizia."

Kuna maneno mtu anayasikia kwa masikio, na mengine yanaingia tumboni kama maji machafu. Mwanangu alikuwa chini ya miguu yao, na hata pale palishachukuliwa. Sikupiga kelele. Nilisogea, nikautoa ule mti wa kuegemeza nikautupa. Mgomba ukaanza kuinama. Nikaushika shina kwa nguvu zangu zote, nikaunyanyua mzima mzima kutoka ardhini, nikamwonyesha mgeni chini yake ulivyokatwa kwa panga.

"Hauna mizizi, ndugu mgeni," nikasema. "Hakuna hata mmoja wenye mizizi hapa. Iliyokuwa nayo waliing'oa asubuhi. Na shimo hili ni kaburi la mwanangu."

Watoto waliacha kuimba. Kagaruki alikuwa amegeuka rangi ya jivu. Mujuni alitazama viatu vyake. Nami nikafikiri, haya, sasa limetoka, mtu mwenye cheo kuliko wao wote amesikia, na kwa mara moja katika maisha yangu kitu kitanyooka.

Mgeni alitazama shina lile lililokatwa. Alilitazama vizuri, wala hakushtuka. Alimtazama Kagaruki, na Kagaruki akamtazama, nikaelewa. Alikuwa anajua. Alijua tangu aliposhuka kwenye gari, pengine tangu alipopanda. Migomba ya namna hii alikuwa ameipitia yote njiani, au kama si migomba basi mahindi, au ng'ombe wa kuazima. Alinisogelea akaongea kwa sauti ya chini na ya huruma kabisa, kama padri kwenye kitubio.

"Pole sana, mama. Pole. Rudisha tafadhali, mpiga picha bado hajamaliza."

Nilibaki nimesimama na mgomba mikononi. Mtu atasema kwa nini sikuutupa. Ulikuwa mzito, mkungu unavuta mbele, na mbele yangu ndiko kilikokuwa kile kichuguu cha udongo laini. Ningeuachia ungemwangukia mtoto. Nikaurudisha kwenye shimo. Mti wa kuegemeza nilikuwa nimeutupa, na hakuna aliyekwenda kuuokota, kwa hiyo nikaukumbatia kwa mikono miwili usianguke. Ule utomvu wake ukanimwagikia kifuani. Mpiga picha akaniambia nitazame huku. Mgeni akasimama upande mmoja, Mujuni upande mwingine.

Tupendane ikaandikishwa. Jioni ile ile watu walishuka na mikungu yao, kwa sababu Mhaya haachi ndizi ziharibike hata kama ni za uongo, na vigogo vikaachwa vimesimama vikaoza. Kulinuka wiki nzima, nami ndiye niliyekaa na harufu hiyo. Zahanati ilikuja kweli. Ilijengwa chini, karibu na kibanja cha Mujuni, kwa sababu walisema huko ndiko kuliko na watu. Bomba nalo likaishia huko huko. Kila hesabu ya kata inaposomwa, Tupendane ina kaya mia mbili na hamsini na ushee. Ukija kuzitafuta utanikuta mimi.

Sikuhamishwa. Nilichimbua ule uchafu wao kwenye kaburi, nikaulainisha udongo tena, nikausimamisha msalaba. Celina alipandisha vichipukizi vyangu alivyovifunga kwenye nyasi. Vingi vilikufa, viwili vikakubali. Sasa vina watoto na wajukuu, na nyasi za miaka zimefanya udongo kuwa mweusi. Mujuni hupita mara nyingine akasimama njiani akivitazama, akasema shemeji kibanja chako kinapendeza. Naendelea kutandaza nyasi zangu.

Ile picha ilitundikwa kwenye ofisi ya kijiji, ndani ya kioo. Chini yake wameandika kwamba mwanakijiji wa Tupendane anafurahia mavuno. Mwanangu hakuwahi kupigwa picha akiwa hai, nani angempiga. Lakini pale chini, karibu na mguu wangu, majani makavu yalikuwa yamesogea nilipokuwa nahangaika na ule mgomba, na jiwe jeupe linaonekana. Dogo, lakini linaonekana. Nilikwenda kwa Mujuni nikamwomba picha ile, nikasema sitaki kingine chochote kwake mpaka nife. Akafikiri kwa ule upole wake, akaniambia angependa sana, ila ni mali ya kijiji.

Basi kila nikishuka zahanati napita pale. Nasimama mlangoni mwa ofisi mpaka nimwone mwanangu, kisha nafyonza, natema mate kwenye kizingiti chao, nakwenda kupanga foleni.